Mtoto aliyenyimwa uwanja amenyimwa wenzake

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, mjadala kuhusu elimu umekuwa ukipanda ngazi pamoja na wanafunzi wa kundi la kwanza. Walipofika Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, taifa zima lilizungumzia uhaba wa walimu na maabara. Walipoingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, gumzo likawa ni mikondo ya masomo, karo na nafasi za mabweni. Si vibaya kuyazungumza hayo. Hata hivyo, nyuma ya msafara huo mrefu wako watoto wa miaka minne, mitano na sita ambao kila Januari huingia madarasani kwa mara ya kwanza, na juu yao husikii mjadala wowote isipokuwa bei ya sare na idadi ya vitabu.

Mzazi anayempeleka mtoto wake katika shule ya msingi aghalabu huulizwa kama mtoto anazijua herufi na kama anaweza kuhesabu hadi 100. Ni nadra kuulizwa kama mtoto huyo anaweza kujifunga vifungo vya shati, kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja au kukata karatasi kwa makasi bila ya kuitatua. Maswali haya huonekana ya kitoto, yasiyostahili nafasi katika fomu ya shule. Mimi nashikilia kwamba ni miongoni mwa maswali mazito kabisa tunayoweza kuuliza juu ya mtoto wa umri huo, kwa kuwa majibu yake hutuashiria mapema jinsi atakavyopokewa na wenzake, na jinsi atakavyojiona yeye mwenyewe miongoni mwao.

Wataalamu wa makuzi hugawa stadi za viungo katika mafungu mawili. Kuna zile za misuli mikubwa, yaani kukimbia, kuruka, kurusha na kujisawazisha usianguke. Na kuna zile za misuli midogo ya vidole na kiganja, ambazo ndizo humwezesha mtoto kushika penseli, kufunga kamba za viatu na kufungua chupa ya uji. Mafungu haya mawili hutegemeana. Mtoto ambaye mabega na mgongo wake havijakomaa hawezi kukaa wima kwa muda mrefu, na asiyeweza kukaa wima mkono wake huchoka upesi anapoandika. Ndipo utamwona amelala juu ya dawati, kichwa juu ya mkono wa kushoto, na mwalimu akakata kauli kwamba ni mvivu.

Nikiwa mtu wa taaluma ya lugha, jambo moja limenivutia kwa muda mrefu. Kiswahili kina msamiati mzuri sana wa hatua za mtoto mchanga. Mtoto hukaa kitako, hutambaa, husimama dede, kisha akaenda tata. Kila neno kati ya haya ni ushahidi kwamba wazee wetu walimtazama mtoto kwa makini na kwa mapenzi, wakaipa kila hatua jina lake. Lakini mara tu mtoto anapoanza kukimbia, majina hayo ya upole yanakwisha. Kwa mtoto wa miaka saba ambaye mikono yake bado haijatulia, lugha haitupi jina la hatua, hutupa lawama. Ataitwa goigoi, zohali, mzembe au mchafu wa mwandiko. Yule wa miezi kumi na mmoja akianguka tunampigia makofi ainuke. Huyu wa miaka saba akiangusha kikombe tunamwuliza macho yake yako wapi. Ni kana kwamba tumeafikiana kwamba kujifunza kwa viungo humalizika mtoto anapojua kutembea.

Si kweli kwamba humalizika, wala si kweli kwamba huja kwenyewe tu kama mvua ya masika. Katika jambo hili nchi yetu ina mchango katika taaluma ambao wengi wetu hatuujui. Mwaka wa 1957 tabibu mmoja Mfaransa, Marcelle Geber, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake mjini Kampala, akadai kwamba watoto wachanga wa Kiafrika huwatangulia wenzao wa Ulaya katika kukaa na kutembea tangu kuzaliwa. Baadhi ya watu walilichukua dai hilo kama jambo la damu na rangi. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, na mwaka wa 1976 Super akaeleza jambo tofauti. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Kwa nini? Kwa sababu mama zao walikuwa wakiwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku, na lugha yao ilikuwa na maneno mahususi ya mafunzo hayo. Kutambaa hakukuwa na mwalimu. Kile kilichofundishwa kiliwahi, na kile kilichoachwa kilikuja kwa wakati wake.

Funzo la Kokwet halijazeeka. Kiungo cha mtoto hujifunza kile kinachopewa nafasi ya kujifunza. Mtoto anayelelewa katika chumba kimoja kwenye ghorofa ya nne huko Pipeline, jijini Nairobi, ambaye hukatazwa kutoka kwa sababu chini kuna magari na majitaka, hana pa kujifunzia kuruka. Mtoto wa tajiri katika mtaa wenye walinzi, ambaye huchukuliwa na gari la shule alfajiri na kurudishwa jioni akapewa simu atulie, naye hana. Wawili hawa wametenganishwa na kila kitu isipokuwa hilo. Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba mtoto wa mashambani yuko peponi. Huyo huenda akawa hodari wa kupanda mwembe, kusawazisha mtungi kichwani na kuruka mitaro, kisha akafika shuleni hajawahi kushika kalamu ya rangi hata siku moja, akaonekana mjinga mbele ya mwenziwe aliyekuwa na penseli tangu miaka miwili. Kila mmoja ana viungo vilivyosoma kitu; tatizo ni kwamba shule huheshimu kitu kimoja tu kati ya vyote walivyosoma.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha suala. Watoto wa miaka sita hawajuani kwa mazungumzo kama sisi watu wazima. Hawakai wakaulizana habari za kazi na siasa. Wao hujuana kwa kutenda pamoja, na hali ya mtoto katika kundi hutegemea kwa kiasi kikubwa anachoweza kukitenda kwa mwili wake. Atazame mwalimu yeyote watoto wanapogawana timu za kandanda au za kati. Manahodha wawili huchagua mmoja mmoja, na kila siku wanaobaki mwisho ni wale wale. Mtoto anayebaki wa mwisho Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ifikapo Alhamisi hatakuja uwanjani. Atasema tumbo linamuuma, au atabaki karibu na mlango wa darasa akijifanya anamsaidia mwalimu kupanga vitabu. Na kwa kuwa haji uwanjani, hafanyi mazoezi. Na kwa kuwa hafanyi mazoezi, pengo kati yake na wenzake linapanuka mwaka hata mwaka. Aliyeanza na udhaifu mdogo wa kudaka mpira anaishia kuwa mtoto asiye na marafiki.

Wapo watoto ambao udhaifu wao haukutokana na kukosa nafasi. Matabibu wanakadiria kwamba kati ya watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, 5 au 6 wana tatizo la kuratibu viungo ambalo halielezeki kwa ugonjwa mwingine wala kwa upungufu wa akili. Watoto hawa huweza kuwa na akili ya kupigiwa mfano, wakasimulia hadithi kwa ufasaha, lakini kamba ya kiatu ikawashinda. Kwa makadirio hayo, darasa la wanafunzi 60, ambalo kwetu si la ajabu, lina watoto watatu hivi wa namna hiyo. Wengi wao tatizo haliwaondoki kwa kukua tu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba huandamwa zaidi na wasiwasi, upweke na kujidharau kuliko wenzao. Nawauliza walimu wanaosoma safu hii: katika darasa lako, unawajua watatu hao? Au unawajua kwa yale majina mengine niliyoyataja?

Upo utaratibu mmoja ulioenea mno shuleni ambao, kwa maoni yangu, huwadhuru watoto hawa kuliko kiboko. Mwalimu huandika zoezi ubaoni, watoto wanakili. Kengele ya mapumziko inapolia, waliomaliza wanatoka, na ambao hawajamaliza wanabaki hadi wamalize. Ni adhabu ndogo, ya busara kwa mtazamo wa kwanza, na haimwachi mtoto na alama yoyote mwilini. Lakini tuifuatilie hadi mwisho wake. Nani hubaki? Hubaki yule ambaye mkono wake ni mzito. Ananyimwa nini? Ananyimwa kuruka, kukimbia na kuning'inia, ambavyo ndivyo vingemkomaza mabega na kuufanya mkono wake uwe mwepesi. Ananyimwa pia dakika 20 za kuwa na wenzake, ilhali yeye ndiye mwenye haja nazo kuliko wote. Kisha wenzake wanaporudi, wakiwa na visa vyao vipya na ugomvi wao mpya, wanamkuta pale pale, na yeye hayumo katika visa hivyo.

Suala la mashoto linafanana na hili. Mpaka leo bado kuna wazazi na walimu wanaomlazimisha mtoto anayetumia mkono wa kushoto ahamie wa kulia, wengine kwa sababu za adabu ya mezani na wengine kwa mazoea tu. Adabu ya kula na kupokea kitu ina misingi yake ya kidini na ya kimila, nami siidharau. Ila penseli si sahani ya wali. Mtoto anayelazimishwa kuandika kwa mkono usio wake anafanywa goigoi na sisi wenyewe, halafu tunamwadhibu kwa ugoigoi tuliompa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa kimwili au wa kisaikolojia. Watu wengi wanapokitaja kifungu hicho hufikiria viboko. Ningependa walimu wakisome tena neno hilo la pili. Jina analopewa mtoto na mwalimu mbele ya darasa si maelezo tu, ni kitendo. Mwalimu akimwita mtoto mzembe mara moja, watoto 50 wamekwisha kupewa ruhusa ya kumwita hivyo mwaka mzima, tena si darasani peke yake.

Sasa tuangalie ni nini hasa kinachopotea uwanja unapopotea. Jean Piaget, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1932 kuhusu maadili ya mtoto, hakuanza na dini wala na falsafa. Alianza na gololi, ambazo watoto wetu wa Kenya huziita bano. Aliwatazama wavulana wa Geneva na Neuchâtel wakicheza, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Aliona kwamba wadogo kabisa hucheza kila mtu kivyake hata wakiwa pamoja. Baadaye huziona sheria kuwa kitu kitakatifu kilichotoka kwa wakubwa, kisichogusika. Wanapokaribia miaka kumi na zaidi huanza kufahamu kwamba sheria ni makubaliano, na kwamba wote wakiridhia inaweza kurekebishwa. Hakuna somo la uraia linaloweza kufundisha jambo hilo kwa ukamilifu kama bano. (Piaget huyo huyo alidai kwamba michezo ya wasichana haikuwa na sheria za utata kama hizo. Hapo nadhani hakutazama vya kutosha. Lau angaliwaona wasichana wetu wakicheza blada, ule mpira unaovutwa kati ya miguu ya wawili huku wa tatu akiruka kwa hatua na viwango maalumu, na kesi zinazozuka kuhusu nani amegusa na nani hakugusa, pengine kitabu chake kingeongezeka sura moja.)

Kwa mtazamaji wa lugha, uwanja ni maabara. Ni pale ambapo mtoto hujifunza kusema "zamu yangu" na kukubali kusikia "zamu yako imekwisha". Hujifunza kudai, kukanusha, kushawishi, kuomba msamaha na kumsuta mwongo, na yote haya huyafanya chini ya masharti magumu, maana akikosea kusema mchezo unavunjika. Katika shule za miji yetu, ambamo Mluhya, Mkamba, Msomali na Mkikuyu wamo katika darasa moja, Kiswahili cha kweli cha mtoto, kile anachokitumia kugombana na kupatana, hakizaliwi katika kitabu cha sarufi. Huzaliwa katika kati na katika kuruka kamba. Mtoto aliyefungiwa darasani hukosa nusu ya lugha pamoja na marafiki.

Ni nani basi aliyeuchukua uwanja? Sehemu ya jibu ni wanyakuzi. Hakuna aliyesahau tarehe 19 Januari 2015, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipoandamana kuupinga ukuta uliokuwa umejengwa kuzunguka uwanja wao wa michezo, na polisi wakawarushia mabomu ya kutoa machozi. Dunia nzima ilishuhudia picha hizo. Uwanja ulirudishwa, lakini kisa hicho kilidhihirisha jinsi shule nyingi za umma zilivyokaa kwa miaka bila hati za kumiliki ardhi zao. Sehemu nyingine ya jibu ni biashara ya elimu, ambapo nyumba ya kupangisha hugeuzwa kuwa shule kwa kupakwa rangi tu, watoto 200 wakapumzikia mahali palipokusudiwa kuegeshwa magari manne.

Lakini hata penye uwanja mpana, ratiba imeula. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, elimu ya viungo ilikuwamo katika ratiba ya kila shule. Kwa kuwa haikutahiniwa katika KCPE, kipindi chake kilichukuliwa na hisabati, na hakuna aliyelalamika. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Udhuru umeondoka, lakini desturi imebaki. Mtaala mpya ulipoanza ulikuwa na shughuli za kusogeza viungo katika madarasa ya chini. Kisha, masomo yalipopunguzwa mwaka wa 2024 ili kuwapunguzia watoto mzigo, mazoezi ya viungo yaliunganishwa na muziki na uchoraji yakawa somo moja la ubunifu. Nia ilikuwa njema. Hofu yangu ni kwamba somo lililounganishwa hufundishwa kwa upande ulio rahisi kufundishika, na kuchora ukiwa umeketi ni rahisi kuliko kuwatoa watoto 70 nje na kuwarudisha wote salama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mwalimu mkuu yeyote anaweza kuichukua ratiba yake na kujumlisha.

Najua walimu watanijibu, na jibu lao lina uzito. Elimu ya msingi isiyolipiwa ilipoanza mwaka wa 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani karibu kwa siku moja, na walimu hawakuongezeka kwa kiwango hicho. Mwalimu mmoja hawezi kumshika kila mtoto mkono. Tena wazazi wenyewe ndio wanaokuja shuleni kulalamika kwamba mtoto amerudi na vumbi, na ambao humhamisha mtoto wa miaka minne kwa sababu bado "anacheza tu" ilhali mwana wa jirani anaandika sentensi. Mzazi huyo anapaswa kuelezwa, kwa heshima, kwamba mtoto wa jirani anayeandika sentensi kabla vidole vyake havijakomaa hajawahi popote. Ufinyanzi wa udongo, kutunga shanga, kuchambua kunde na kukunja karatasi ni maandalizi ya mwandiko, na mengi kati ya hayo hayahitaji fedha.

Yapo pia mambo ambayo hayamdai mwalimu muda wowote wa ziada. Timu zinaweza kugawanywa kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, badala ya manahodha kuchagua. Fedheha ya kubaki mwisho ikatoweka siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye mkono wake ni mzito anaweza kuulizwa maswali kwa mdomo, ili mwalimu ajue akili yake iko wapi kabla ya kuuhukumu mwandiko wake. Mwenye dalili kubwa zaidi anaweza kupelekwa katika vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo vimekuwapo nchini tangu mwaka wa 1984 na ambavyo wazazi wengi hudhani ni vya vipofu na viziwi peke yao. Kamba ya mkonge, mpira wa makaratasi yaliyofungwa kwa uzi na mstari wa chokaa wa kutembelea vinatosha kuanzia. Na kengele ya mapumziko inapolia, yule ambaye hajamaliza kunakili afunge daftari, atoke na wenzake. Zoezi litamngoja.